Nilibeti kwa akaunti ya benki ili nipate mkopo wa nyumba

Wakuu, salamu kwenu. Naandika nikiwa dukani, mvua imewafungia wateja huko walipo na cherehani imenyamaza.

Haya ni yangu mwenyewe. Hakuna "rafiki yangu mmoja" humu ndani. Nimeyasoma mara nne kabla ya kubandika, kwa hiyo mkikuta herufi imekosewa msiniambie. Nitaumwa.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi ni dada (nusu yenu mtaniita mkuu, endeleeni tu), nina miaka ishirini na nane, nashona mapazia Kariakoo. Sikusomea popote. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, nikaharibu mashuka yote ya nyumbani kabla ya kushona pazia la kwanza lililonyooka.

Upindo wa kushoto ukipishana na wa kulia kwa unene wa uzi, nafumua. Wateja wanaupenda ugonjwa huu. Mimi unanichosha.

Nilikuwa napanga Mchafukoge, vyumba viwili, ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba ni Bi. Zuhura, mama mtu mzima, mjane. Familia yao ya Kiarabu imekaa jengo lile tangu kabla sijazaliwa. Yeye anaishi mlango unaotazamana na wangu.

Siku moja akaniita kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usisimame mlangoni kama mdai."

Akanimiminia kahawa, akaniambia binti yake anamtaka akaishi naye Tanga. Ile flat yangu anaiuza.

"Shemeji yangu anaitaka," akasema. "Hela anayo mkononi. Lakini wewe miaka mitano hujanicheleweshea kodi hata siku moja. Ukiweza, chukua wewe. Bei ni ileile."

"Nikipata muda, nitaenda benki."

"Nenda. Mimi sikimbizwi na mtu."

Wakuu, mjini hapa, mwenye nyumba kukwambia sentensi hiyo ni kama kuokota hela barabarani halafu mwenyewe akakusaidia kuinama.

Nikaanza kujifundisha mkopo wa nyumba kama nilivyojifundisha mapazia. Video. Kuna kaka mmoja wa kwenye video, kavaa suti, kaegemea gari ambalo kila likipita jingine anageuka kuangalia kama mwenyewe kaja. Akasema: "Benki wanataka kuona mzunguko kwenye akaunti yako."

Mzunguko. Neno likaniingia kichwani likakaa.

Sasa ungamo lenyewe.

Jirani yangu wa dukani ni Kaka Hamza, mtu wa Newala, anauza zipu na vifungo. Kila Jumamosi anatengeneza mkeka. Kwa wasiojua, mkeka ni orodha ya mechi unazotabiri. Ukikosa moja, wote umechanika.

Mimi nilianza kwa kumsahihishia tu majina ya timu. Anaandika vibaya, mpaka inauma.

Kisha nikaona anavyochagua.

"Kaka Hamza, hii umeichagulia nini?"

"Jezi yao nzuri."

"Na hii?"

"Kipa wao amefanana na mjomba wangu."

Siwezi kutazama kazi ikifanywa ovyo namna hiyo. Nikafungua jedwali. Nikaweka safu ya ugenini, safu ya majeruhi, safu ya mvua. Nikajifunza mpira wote bila kutazama mechi hata moja hadi mwisho. Mpaka leo sijui kuotea ni nini, lakini niulize timu gani ya daraja la pili huko Ulaya inapoteza ikisafiri zaidi ya saa tatu.

Nikaanza kubeti mwenyewe. Kwa jedwali.

Kwa kumbukumbu tu: Kaka Hamza na jezi zake alishinda mara nyingi kuliko mimi.

Hapa ndipo akili zangu zilipofanya kazi yake. Wenzangu wote pale mtaani wanabeti kwa hela ya simu au taslimu kibandani. Mimi nikawaza: kama benki wanataka mzunguko, kwa nini hela yangu izungukie nje? Nikaanza kubeti moja kwa moja kutoka akaunti ya benki, ileile ya biashara. Nikishinda, inarudi humohumo. Inatoka, inaingia, inatoka, inatoka, inaingia.

Nikawa najiona nina siri ya matajiri.

Na kuna jambo la pili. Ile app ya benki, ukituma hela, inakuletea kisehemu kimeandikwa "maelezo". Kaka Hamza aliniona nimekwama hapo.

"Weka nukta, twende."

"Wameuliza maelezo."

"Dada fundi, hakuna anayesoma hayo. Weka nukta."

Siwezi kuweka nukta mahali palipoulizwa maelezo. Nikaeleza. Kila mara. Miezi sita.

Siku ya benki nilikwenda na faili la bluu lenye vigawanyo sita. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, mkataba wa fremu ya duka, barua ya Bi. Zuhura ya kukubali kuuza, statement ya miezi sita, na jedwali la mapato nililolitengeneza mwenyewe, safu zake zimekaa kama wanajeshi. Kwenye jedwali kulikuwa na mstari unaitwa "mapato mengineyo". Mnaujua ulikuwa wa nini.

Ukutani kwao kuna bango la mume na mke wanacheka, wameshika ufunguo mkubwa kama mwiko wa shughuli. Nikakaa chini yake.

Afisa mikopo alikuwa dada wa rika langu, nimwite Upendo. Akafungua faili, akageuza kigawanyo kimoja baada ya kingine.

"Dada, sijawahi kupokea faili kama hili."

Kama ningeondoka sekunde ile, ningekuwa mtu mwenye furaha maisha yangu yote.

Akafika kwenye statement.

"Hii kampuni naiona sana. Ndiyo inakuuzia vitambaa?"

"Hapana."

"Inahusika na nini?"

"Na... utabiri."

"Wa hali ya hewa?"

"Wa mpira."

Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. Kisha akaanza kusoma safu ya maelezo, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya ofisi:

"Mkeka wa Jumamosi, timu nane."

"Kurudisha ya jana."

"Kurudisha ya kurudisha ya jana."

"Mara ya mwisho."

Akageuza ukurasa.

"Mara ya mwisho kabisa."

"Mara ya mwisho, nimeapa."

"Hii haihesabiki, ni ofa."

Baba mmoja aliyekuwa akisubiri kiti cha pili alikuwa na fomu mkononi. Aliacha kuijaza.

"Haya umeandika wewe?" Upendo akauliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Waliuliza maelezo."

"Wateja wengine huweka nukta."

"Najua, dada. Nimeshaambiwa."

Nimpe haki yake, hakunicheka. Alinieleza vizuri, na hili ndilo wengi hatulijui, kwa hiyo lisomeni polepole. Alisema hawamkatai mtu kwa sababu alibeti mara moja Krismasi. Wanachotafuta ni kile kinachobaki mwisho wa mwezi ukishakula, ukalipa kodi, ukanunua mali ya duka. Na kama kinabaki kila mwezi. Changu kilikuwepo. Ila kilikuwa hakilali. Kikifika tu, kinakwenda kwa kampuni ya utabiri.

Akashika kalamu.

"Haya mapato mengineyo ni ushindi?"

"Ndiyo."

"Nayatoa." Akapiga mstari katikati ya safu yangu. Bila rula.

"Lakini zile nilizotuma?"

"Hizo ni matumizi. Zinabaki."

"Kwa hiyo nikishinda hamhesabu, nikishindwa mnahesabu?"

"Ukishinda mwezi huu, utaniahidi mwezi ujao?"

Nikauangalia ule mstari wake usio na rula.

"Rejesho tutalitaka kila mwezi kwa miaka kumi na tano, dada. Mimi siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba litalipwa na timu ya ugenini."

Nikajitetea kwa silaha yangu ya mwisho. "Lakini mzunguko upo."

"Upo," akasema. "Unakizunguka kitu kimoja."

Akaniambia nirudi baada ya miezi sita, akaunti ikiwa safi. Natoka mlangoni simu ikaita ujumbe. Kampuni ya utabiri: "Hongera, wewe ni mteja wetu wa thamani." Kwa siku ile nzima, hao ndio pekee waliokuwa na imani nami.

Niwaambie na la aibu zaidi. Kaka Hamza aliposikia akasema, "Mdogo wangu, kuna jamaa upande wa Mchikichini anatengeneza statement. Unampa hela, anakupa miezi sita ya mtawa."

Nikaenda. Ndiyo, nilienda.

Jamaa akanionyesha sampuli. Tarakimu za safu ya salio hazikukaa upande mmoja. Nembo ilikuwa na ukungu. Mstari wa tatu, ukitoa, salio haliji lile aliloandika. Nikamwonyesha.

"Dada, hakuna anayejumlisha."

"Mimi nimejumlisha."

"Wewe ndiye mteja. Unajikagua mwenyewe?"

Nikaondoka. Tusidanganyane, haukuwa uadilifu. Angezipanga tarakimu vizuri, sijui leo ningekuwa naandikia wapi.

Jioni Bi. Zuhura akaniuliza, "Benki wamesemaje?"

Nilikuwa nimepanda ngazi zote tatu nikitafuta jibu. Kwake kamari haitajwi hata kwa mzaha. Nikasema, "Kuna foleni, mama. Miezi sita."

"Foleni ya miezi sita? Wanagawa unga?"

"Waombaji ni wengi."

Akaniangalia. Kisha akasema, "Haya. Nitamwambia shemeji asubiri."

Wiki ileile nikamsikia shemeji mtu kwenye ngazi, anasema kwa nguvu ili nisikie: "Nina hela mkononi, unamsubiri mpangaji?" Na Bi. Zuhura akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nimeshamwambia nitamsubiri."

Mtu wa kawaida, baada ya kusikia hivyo, angeacha kubeti. Mimi niliacha wiki mbili.

Wiki ya tatu nikanunua laini nyingine ya simu.

Mpango ulikuwa hivi. Akaunti ya benki inabaki safi. Jumamosi natoa taslimu kidogo kwa wakala, naiweka kwenye ile laini mpya, nabeti huko. Nilijieleza kwamba benki walilalamikia akaunti, hawakulalamikia laini. Nikajielewa kabisa.

Kaka Hamza akanikuta na simu ya pili.

"Si ulisema umeacha?"

"Nimeacha upande wa benki."

Wakuu, yule ni mtu anayebeti kwa kuangalia jezi. Alinitazama kwa huruma. Akarudi kwenye zipu zake.

Huku nyuma, akaunti nikaipamba. Mauzo yakija mengi siyaweki yote. Yakija machache najazia kutoka akiba ya ndani. Kila Jumatatu, saa nne asubuhi, kiasi kilekile. Maelezo yamenyooka: "Jora moja, kitambaa kizito." "Pete za pazia, boksi mbili." Jioni nilikuwa naifungua kuitazama tu, kama mtu anayetazama picha za harusi yake.

Miezi sita ikatimia, nikarudi kwa Upendo. Alinikumbuka. Baba wa fomu hakuwepo, nikamshukuru Mungu.

Akasoma kimya ukurasa wa kwanza. Wa pili.

"Imenyooka, dada."

"Asante."

"Imenyooka mno. Kariakoo haiuzi hivi. Wiki ya kabla ya Idi umeweka sawa na wiki ya mafuriko."

"Napenda usawa."

"Naona." Kidole chake kikaanza kushuka kwenye karatasi. "Na hizi? Kila Jumamosi, saa tano na nusu, wakala yuleyule, kiasi kilekile. Maelezo umeweka nukta."

Nikaanza kunyoosha kona za faili.

"Dada," akasema, "wewe si mtu wa nukta."

Jibu nilikuwa nimelitengeneza nyumbani. Mama yangu, Morogoro, mgonjwa, namtumia dawa. Mama yangu ni mzima, analima, anaweza kunibeba. Na Upendo, sijui kwa wema au kwa uchovu, akanifungulia mlango kabisa: "Ni mambo ya familia?" Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Neno moja tu, "ndiyo", na lile faili lilikuwa linapanda juu kwenye kamati yao.

Nikasema, "Ni mikeka."

Ningependa mnisifu. Lakini nilipiga hesabu haraka: mama angehitaji jina la ugonjwa, jina la hospitali, tarehe, na mimi ningeanza kuutengenezea jedwali ugonjwa ambao haupo. Nilichoka, wakuu. Nilichoka hadi mifupani.

Upendo akaweka kalamu chini.

"Siwezi kulipeleka hili."

"Najua."

"Ukiacha kweli, rudi. Na usinipangie. Weka kama unavyouza, ikiwa mbaya iwe mbaya. Nitasoma."

Nikarudi kwa miguu na faili kwapani. Nikakatiza Mnazi Mmoja, watu wanafunga jukwaa la mkutano wa nani sijui, kila mtu ana shughuli. Nikapanda ngazi. Sikuingia kwangu. Nikagonga mlango unaotazamana na wangu.

Nilimweleza Bi. Zuhura yote. Mikeka, laini ya pili, jamaa wa Mchikichini, hata nukta. Nilisubiri hotuba ya kamari. Nilikuwa nimeshaiinamia.

Akasema, "Nipe hilo faili."

Akavaa miwani. Akafungua kigawanyo kimoja kimoja, pamoja na barua yake mwenyewe, akaisoma mpaka sahihi.

"Umelipanga vizuri," akasema. Akalifunga. "Kwa hiyo foleni haikuwepo."

"Haikuwepo, mama."

"Ungeniambia siku ile, ningekusubiri vilevile."

"Ungeniona mcheza kamari."

"Ningekuona mcheza kamari, ndiyo. Na kila Jumamosi ningekaa hapo mlangoni kwako na kahawa yangu, simu ungenipa mimi." Akavua miwani. "Sasa nimemzuia ndugu wa marehemu miezi sita kwa foleni ya uongo. Leo nikamwambie asubiri tena. Nimwambie anasubiri nini?"

Alinimiminia kahawa, tukanywa wote wawili, na hilo lilikuwa baya kuliko hotuba yoyote.

Wiki iliyofuata shemeji mtu alilipa. Bi. Zuhura yuko Tanga sasa. Alinipigia Idi, akaniuliza habari za Jumamosi zangu. Nilimwambia ukweli, kwamba ule mwezi nilikuwa nimeteleza mara moja. Akasema, "Haya, hesabu upya," akakata simu.

Nimehesabu upya. Huu ni mwezi wa nne. Laini ya pili nilimpa Kaka Hamza aivunje, akaivunja kwa meno, kwa furaha kubwa.

Napanga chumba kimoja Ilala. Akaunti yangu inatisha: wiki moja imejaa, wiki nyingine maji ya kunywa tu. Nikiiangalia vidole vinaniwasha kama nimeona upindo umekwenda upande. Naiacha. Ikifika miezi sita nitaipeleka hivyohivyo.

Nilichojifunza, kwa mnaotaka mkopo wa nyumba: acheni kubeti mapema, si wiki ya kuchukua fomu. Kila muamala una mtu atakayeusoma siku moja, na ushindi wako kwake si mshahara. Msijidanganye kwa taslimu, inaacha alama ilipotoka. Na wale wanaowasubiri, muwaambie wanasubiri nini hasa. Benki mimi ilinipa nafasi ya pili, na ya tatu bado ipo. Bi. Zuhura alikuwa na moja, akanipa yote, nikaitumia kwenye foleni.

Waliowahi kurudi benki na historia kama yangu, tuambieni iliwachukua muda gani na walitazama nini. Wenye matusi pia karibuni, ila muandike vizuri.

Na yule anayejiandaa kuniuliza inbox ni njia gani ya kubeti haionekani kabisa kwenye statement, namwomba asiulize. Bado naikumbuka.